Alijua Kugawanya, Hakuelewa Swali: Kisa cha Mwanafunzi Mkimbizi Aliyeshushwa Darasa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mwanafunzi wa shule ya msingi iliyomo ndani ya makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda. Majina ya shule, makazi na watu wote yameondolewa. Mwanafunzi nitamwita Furaha, jina ambalo si lake, na mambo machache ya familia yake yamebadilishwa ili asitambulike. Mama yake ameridhia kisa kiandikwe. Nilikuwa mwalimu wake wa hisabati kuanzia Darasa la Tano, na kabla ya hapo nilikuwa miongoni mwa walimu waliokaa kikao siku aliposhushwa darasa. Kwa hiyo baadhi ya maamuzi ninayoyachambua hapa niliyashiriki mwenyewe.

Usuli

Mtaala wa madarasa ya chini nchini Uganda, ulioanza kutumika mwaka 2007, unataka mtoto wa Darasa la Kwanza hadi la Tatu afundishwe kwa lugha ya eneo lake, Darasa la Nne liwe la kuvukia, na kuanzia Darasa la Tano masomo yaendeshwe kwa Kiingereza. Mahali ambapo wenyeji wana lugha moja, mpango huo unatekelezeka. Katika makazi ya wakimbizi, ambako dawati moja linaweza kuwa na mtoto wa Kinande, wa Kinyabwisha, wa Kihema na wa Kinyankole, hakuna lugha ya eneo inayowatosha wote, na shule nyingi huanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watoto wengi waliotoka mashariki mwa Kongo, lakini walimu wengi wenyeji hawakukisoma. Wapo pia waliorithi kwa wazee wao hofu ya zamani, kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakuiondoa hofu hiyo. Kwa wengi aliizidisha.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wiki hizo hizo Furaha, mama yake na wadogo zake wawili walikuwa wakilala chini ya turubai katika kituo cha muda cha Nyakabande, wilayani Kisoro, baada ya kuvuka mpaka kutoka Kivu Kaskazini. Walikuwa wamekimbia mapigano yaliyofuata kutekwa kwa Bunagana mwezi Juni.

Furaha alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Huko kwao alikuwa anakaribia kumaliza mwaka wa tano wa shule ya msingi. Alikuwa amejifunza kusoma kwa Kiswahili katika madarasa ya mwanzo, kisha akaendelea kwa Kifaransa. Nyumbani wanazungumza Kinande. Kitabu chake cha alama kilibaki katika nyumba ambayo hawajairudia hadi leo, kwa hiyo alifika kwetu bila karatasi yoyote ya kuthibitisha alichosoma.

Yaliyotokea

Aliandikishwa Septemba 2022, mwanzoni mwa muhula wa tatu. Ulikuwa mwaka mgumu kwa shule zote za Uganda. Zilifunguliwa tena Januari baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona, na madarasa yalijaa watoto wa rika tofauti waliosahau mengi. Kwetu Darasa la Tano lilikuwa na watoto 118. Furaha alipewa jaribio la kumpanga darasa, ukurasa mmoja wa Kiingereza na mmoja wa hisabati. Ukurasa wa Kiingereza aliurudisha mtupu. Ule wa hisabati ulikuwa na majibu, lakini karibu yote yalitiwa alama ya kosa. Tulikaa kikao cha dakika kumi hivi, tukakubaliana aanze Darasa la Tatu, na mimi nilisema kwamba kumshusha ni kumwonea huruma.

Alipanda Darasa la Nne Februari 2023 pamoja na watoto wa miaka tisa na kumi, ambao aliwazidi kimo kwa kichwa kizima. Mwalimu wake wa darasa aliandika katika taarifa ya mwezi kwamba mtoto ni mtulivu, hashiriki, na huenda ana tatizo la kujifunza. Utulivu huo ulikuwa na sababu tuliyoitundika wenyewe. Shule ilikuwa na kibao kidogo cha mbao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akizungumza lugha isiyo Kiingereza alivishwa shingoni, akakaa nacho hadi amsikie mwenzake akikosea naye amvishe. Wiki yake ya kwanza Furaha alivishwa mara tatu. Baada ya hapo alinyamaza.

Aliyefungua jambo ni mama yake, katikati ya Machi. Alikuja kuomba mtoto aruhusiwe kuondoka mapema siku za mgao wa chakula, na wakati wa kuaga akasema kwa upole, "Mwalimu, munisamehe, huyu mutoto kule kwetu njo alikuwa anafundisha wadogo wake hesabu. Hapa muko munamurudisha nyuma, na miye sijuwe sababu." Mwalimu msaidizi, naye mkimbizi kutoka Kongo aliyeajiriwa kutafsiri katika madarasa ya chini, alikuwepo. Akaomba kuliona daftari la Furaha.

Ningependa msomaji alione daftari hilo kama nilivyoliona mimi. Swali lilikuwa 472 kugawanya kwa 4. Furaha alikuwa ameandika 472 upande wa kushoto, akachora mstari wa kusimama, akaweka 4 upande wa kulia, akapiga mstari wa kulala chini ya ile 4, na jibu akaliandika chini ya mstari huo. Mabaki ya kila hatua aliyashusha chini ya 472, moja baada ya jingine, kwa mwandiko safi. Hivyo ndivyo shule zinazofuata mtindo wa Kifaransa zinavyofundisha kugawanya. Mwalimu wetu alitafuta jibu juu ya namba inayogawanywa, mahali watoto wa Uganda wanapoliandika, na hapo juu hapakuwa na kitu. Katika maswali machache ambayo aliliona jibu chini kulia, alilisoma vibaya, kwa sababu tarakimu 1 inavyoandikwa Kongo ina mkono mrefu unaopanda kutoka kushoto na kwa jicho letu inafanana na saba. Jibu la Furaha lilikuwa 118. Lilisomwa 778 na kupigwa mkasi.

Mwalimu msaidizi aliligeuza daftari kuelekea kwangu, hakusema neno.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumpima upya kwa namna ambayo ingetenganisha hisabati na lugha. Nilitunga maswali kumi ya kiwango cha Darasa la Tano na kuyaandika kwa sura tatu: namba tupu, maelezo ya Kiingereza, na maelezo yale yale yaliyosomwa kwa sauti kwa Kiswahili na mwalimu msaidizi. Namba zilibadilishwa kidogo kila mara ili asikumbuke majibu. Furaha alipata tisa kwa namba tupu, mawili kwa Kiingereza, na manane kwa Kiswahili. Swali moja lilihusu muuzaji mwenye maembe 150 aliyeuza 67, yakabaki mangapi. Kwa Kiingereza Furaha aliandika 217, kwa Kiswahili akaandika 83 kabla msomaji hajamaliza sentensi. Tulipomuuliza ile 217 aliitoaje, alisema kwamba asipoelewa swali hujumlisha namba zote anazoziona. Kisha akaongeza, "Hesabu najuwa. Kingereza njo sijuwe."

Tulimpima pia kusoma. Kifungu cha Kiswahili alikisoma bila kusita na akajibu maswali yote. Cha Kifaransa alikisoma polepole lakini kwa kuelewa. Cha Kiingereza alikisoma chote kwa sauti, na hapo ndipo makosa yalipotufundisha kitu. Neno "made" alilitamka "ma-de", "name" likawa "na-me", na "chair" akaanza kwa sauti ya "sh". Alikuwa anatumia kanuni za Kiswahili, na mara moja moja za Kifaransa, kwa uaminifu kabisa. Kusoma alijua, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba herufi za Kiingereza zina desturi zake.

Uamuzi wa pili, wa kumpandisha Darasa la Tano muhula wa pili, ulileta ubishi mkubwa. Mwalimu mkuu alihofia kwamba kuanzia Darasa la Tano hakuna somo lisilo la Kiingereza, na kwamba mtihani wa taifa wa kumaliza msingi una karatasi nne, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, zote kwa lugha hiyo hiyo. Hoja yake ilikuwa nzito. Yangu ilikuwa kwamba Darasa la Nne halimpi Kiingereza zaidi, linampa hisabati anayoijua tayari na kumkalisha na watoto asioweza kufanya nao urafiki. Ulitajwa pia mpango wa elimu ya kasi, unaobana miaka saba ya msingi katika ngazi tatu kwa watoto waliopitwa na umri. Tuliuacha kwa sababu Furaha hakukosa shule, alikosa lugha. Mwalimu mkuu alikubali majaribio ya muhula mmoja, nami namshukuru, kwa sababu lawama zingemwangukia yeye.

Msaada wenyewe tuliupanga kwa vitu tulivyokuwa navyo. Kibao hakikutundikwa tena katika darasa langu. Nilitaka kiondolewe shule nzima, nikashindwa mwaka huo. Badala yake niliweka utaratibu kwamba kila swali la maelezo likishaandikwa ubaoni, watoto wana dakika mbili za kulijadili na jirani kwa lugha yoyote, kisha jibu linatolewa kwa Kiingereza. Furaha alipewa daftari la maneno lenye safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na mfano wa namba au mchoro. Tulianza na maneno yanayobeba amri ya swali, kama "share", "remain", "altogether" na "difference". Baadaye tukaingia katika yale yenye maana moja mtaani na nyingine katika hisabati, kama "odd", "table" na "volume". Kifaransa nacho kilisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu "division", "fraction" na "multiplication" huandikwa vile vile katika lugha zote mbili. Siku alipogundua hilo alitoka nje na daftari akawaonyesha wenzake wawili.

Kuhusu njia ya kugawanya, nilijadiliana na walimu wenzangu kama tumlazimishe kuandika kwa mtindo wa Uganda. Tuliamua aendelee na mtindo wake anapofanya kazi, lakini ajifunze kulihamishia jibu mahali ambapo msahihishaji wa mtihani atalitafuta, na aandike tarakimu 1 kwa mstari mmoja wa kusimama. Kuibadili tarakimu hiyo kulichukua siku mbili tu.

Nilimkalisha pamoja na msichana mwenyeji, mzungumzaji wa Kinyankole, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri na hisabati ikimtoa machozi. Mmoja alisoma swali, mwingine akaonyesha hatua. Wiki za mwanzo walizungumza kwa vidole na namba. Kufikia Julai walikuwa na lugha yao ya mchanganyiko ambayo mimi mwenyewe sikuifuata yote.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kuanzisha kipindi cha ziada cha Kiingereza kwa watoto wageni, kila siku baada ya chakula cha mchana. Watoto 23 kutoka madarasa tofauti waliondolewa katika vyumba vyao na kukusanywa chini ya mwembe kwa saa moja.

Matokeo

Mwisho wa muhula wa pili, 2023, Furaha alipata alama 64 katika hisabati, 41 katika sayansi, 33 katika maarifa ya jamii na 29 katika Kiingereza. Mwisho wa mwaka hisabati ilikuwa 71, sayansi 52, maarifa ya jamii 44 na Kiingereza 38. Alipomaliza Darasa la Sita mwishoni mwa 2024, alama zilikuwa 78, 61, 57 na 49 kwa mpangilio huo huo. Rafiki yake wa dawati alitoka 31 za hisabati hadi 55 katika mwaka wa kwanza wa kukaa naye.

Katikati ya 2023 mahudhurio ya Furaha yaliyumba. Mgao wa chakula katika makazi ulipunguzwa mwaka huo. Mama yake alianza kulima vibarua kwa wenyeji, na Furaha akabaki na wadogo zake siku nyingine, au akachelewa kwa kupanga foleni ya maji. Alikosa siku kumi na tisa katika muhula mmoja. Hakuna mbinu ya kufundisha iliyojaza pengo hilo. Lililosaidia kidogo ni kumpa daftari la maneno aende nalo nyumbani, na mwalimu msaidizi kupita kwao jioni mara moja kwa wiki, kazi ambayo haikuwamo katika mkataba wake na ambayo hakuna aliyemlipa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kile kipimo cha sura tatu. Kilichukua asubuhi moja na karatasi sita. Kabla yake tulikuwa na mtoto anayesemekana hawezi. Baada yake tulikuwa na mtoto ambaye tulijua aweza nini na kwa lugha gani, na kila hatua iliyofuata ilitokana na hapo. Ninawasihi walimu wenzangu wa shule zinazopokea wageni wasimpange mtoto darasa kwa jaribio la Kiingereza peke yake, na wasisahihishe hisabati ya mtoto kutoka nchi nyingine bila kumketisha awaonyeshe anaifanyaje.

Kumshusha darasa lilikuwa kosa letu kubwa, na lilikuwa kosa la watu wenye nia njema. Tulidhani tunampunguzia mzigo. Kwa kweli tulimwondolea somo pekee alilokuwa na uwezo wa kung'aa ndani yake, tukamwachia yale asiyoyaelewa. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayejumlisha pamoja na wa miaka tisa hajifunzi Kiingereza haraka zaidi kwa sababu hiyo. Anachojifunza ni kwamba shule mpya inamwona mjinga.

Kuhusu kibao nina msimamo, na sitaulegeza. Wanaokitetea husema kinawalazimisha watoto kuzoea Kiingereza. Kwa mtoto mwenye maneno kumi ya Kiingereza, kibao kinamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hawezi kusahihishwa. Furaha alikaa miezi sita bila mwalimu yeyote kusikia kosa lake la kusoma "na-me", kwa sababu hakuna aliyemsikia akisoma.

Kipindi cha mchana kilishindwa, na sababu zake zilionekana mapema kama tungeziangalia. Saa hiyo Darasa la Tano walikuwa na sayansi. Furaha alikuwa akipoteza sayansi ili apate Kiingereza cha kuelewea sayansi. Muhula wa tatu tulikihamishia asubuhi kabla ya vipindi kuanza, na sehemu ya kupanda kwa alama zake za sayansi ninaihusisha na mabadiliko hayo.

Alama 38 na 49 za Kiingereza ziliwavunja moyo baadhi ya walimu, hasa kwa kuwa wakati huo Furaha alikuwa akipiga soga ya Kiingereza uwanjani bila shida. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu nchini Canada, alizitofautisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo mwaka 1979, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba mtoto mgeni huweza kuongea vizuri ndani ya miaka miwili hivi, lakini huhitaji mitano hadi saba kuwafikia wenzake katika lugha ya vitabu na mitihani. Kwa kipimo hicho Furaha hajachelewa. Hatari iliyopo ni kumwondolea msaada kwa sababu anasikika vizuri, na hilo lilikaribia kutokea mwanzoni mwa 2024, pale mwalimu msaidizi alipotakiwa arudi madarasa ya chini moja kwa moja.

Limebaki jambo moja ambalo alama za Furaha haziwezi kulionyesha. Miongoni mwa wale 23 wa chini ya mwembe alikuwapo mvulana wa miaka kumi na minne ambaye hakuwahi kuingia darasani maishani mwake. Tulimpa daftari la safu tatu kama la Furaha, naye hakujua kusoma safu yoyote. Furaha alihitaji daraja kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mvulana huyu alihitaji kufundishwa kusoma tangu herufi ya kwanza, kwa Kiswahili, na watu wenye subira. Ule mpango wa elimu ya kasi tulioukataa kwa ajili ya Furaha ulikuwa wa mtoto kama mvulana huyu, na katika kikao hakuna aliyelitaja jina lake, kwa kuwa wote tulikuwa tukilitazama daftari la Furaha. Aliacha shule Agosti 2023. Nilimkuta mwaka uliofuata sokoni akisukuma baiskeli yenye madumu sita ya maji. Nilimweleza kituo cha mpango huo kilipo, upande wa pili wa makazi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Akaniuliza kama wanafundisha jioni. Niliporudi shuleni niliuliza, nikaambiwa ni asubuhi tu, na tangu hapo nimeandika barua mbili kuomba kipindi cha jioni.